Una mikopo sita, simu na mtaani? Piga hesabu hii kabla hujachukua wa saba

Posti hii ni ndefu kidogo, isome taratibu ukiwa unasubiri boda aje kuchukua mzigo. Ukiona haikuhusu, mtumie mwenzako, maana nina uhakika kwenye kila wauzaji kumi wa mtandaoni kuna ambao wamekaa kimya na hili jambo.

Nianze na meseji. Mteja wa Dodoma alinitumia 45,000 ya gauni la sendofu ya mdogo wake. Jumatatu kalipa, Jumamosi sherehe. Hela yake ilivyoingia tu, jioni ileile nikamlipa mtu wa kausha damu, nikasema kesho nikiuza kingine nitaenda kuchukua gauni kwa jumla. Kesho yake nikafika Kariakoo, yule ninayechukua mzigo kwake akaniambia, "Mdogo wangu, lipa kwanza ile ya nyuma." Ijumaa usiku mteja ananiandikia: "Dada gauni langu limefika wapi?" Sikuwa na gauni wala hela yake. Alirudishiwa hela siku tisa baadaye, lakini sendofu haikurudiwa. Aliniposti kwenye grupu la kinamama la watu zaidi ya mia mbili, picha ya akaunti yangu na neno moja juu yake: tapeli.

Na ukweli ni kwamba sikumtapeli kwa kukusudia. Nilikuwa na madeni sita, na hela ya mteja ikaingia katikati yao ikapotea. Ndiyo maana naandika hii. Wengi tunafikiri deni ni tatizo letu la ndani, mteja hajui. Ukiuza mtandaoni mteja ndiye wa kwanza kuumia, kwa sababu yeye analipa kabla hajaona mzigo.

Sasa twende kwenye kazi. Kuunganisha madeni maana yake ni kuchukua mkopo mmoja wenye gharama ndogo, ukalipa ile midogo midogo yenye gharama kubwa ikaisha, ukabaki na rejesho moja, tarehe moja, mtu mmoja wa kumjibu. Wenzetu Marekani wanafanya hivi sana kwa madeni ya kadi za mkopo. Huku kwetu wengi hatuna kadi za mkopo, hii kadi ya benki uliyonayo inakata hela yako mwenyewe. Kadi zetu za mkopo ni aplikesheni, nyongeza ya salio kwenye simu na kausha damu. Mtego ni uleule: unalipa kila siku na deni halisogei.

ANDIKA YOTE, HATA LA AIBU

Chukua daftari, sio kichwa. Kichwa kinaficha. Mimi nilikuwa najiambia nina deni "kama laki nane hivi". Nilipoandika nikakuta ni zaidi ya milioni moja na laki mbili.

Yangu yalikuwa hivi. Aplikesheni ya kwanza: deni 200,000, ila mkononi niliingiziwa 160,000, arobaini wanakata juu kwa juu, unarudisha baada ya siku 14. Ya pili vilevile, deni 150,000, nilipokea 120,000, siku 14. Kausha damu: nilichukua 300,000, narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nyongeza ya salio kwenye simu: 85,000, inanikata kama elfu moja kila siku inayopita bila kulipa. Kikoba: nilichukua 300,000, narudisha 330,000 kwa miezi mitatu, 110,000 kila mwezi, na mwezi mmoja nilikuwa nimeshalipa. Halafu mtu wa Kariakoo, mzigo wa 420,000, hana riba ila ana hasira.

Ukishaandika, kila deni liulize swali moja: kwa kila laki moja niliyonayo mkononi, kwa mwezi mmoja naongeza shilingi ngapi? Usikubali lugha ya "ada ndogo tu" au "elfu kumi na tatu tu kwa siku". Vigeuze vyote viwe kipimo kimoja, ndio utaona nani anakula zaidi.

Aplikesheni: nimepokea 160,000 nalipa 40,000 juu. Hiyo ni robo, asilimia 25, kwa wiki mbili. Nikishindwa nakopa tena nalipa tena, kwa mwezi inakuwa kama 50,000 kwa kila laki. Ya pili ni hivyohivyo, 30,000 kwenye 120,000.

Kausha damu ndio wanatuweza kabisa kwenye hesabu. Unachukua 300,000, unarudisha 390,000, mtu anasema basi ni asilimia 30. Hapana. Hiyo laki tatu hukukaa nayo mwezi mzima. Siku ya kwanza unayo yote, siku ya 15 nusu umeshairudisha, siku ya 29 huna kitu. Kwa wastani ulikaa na laki na nusu tu, na juu yake umelipa 90,000. Hiyo ni 60,000 kwa kila laki, kwa mwezi. Niliposhika kalamu nikaliona hili nilikaa kimya kama dakika tano. Nilikuwa naona aplikesheni ndio adui mkubwa, kumbe anayenifuata dukani na kunisalimia vizuri ndiye kinara.

Simu: elfu moja kwa siku kwenye 85,000, mwezi 30,000. Kama 35,000 kwa kila laki. Kikoba: 30,000 kwa miezi mitatu, ukizingatia napunguza kila mwezi, kwa wastani nilikaa na laki mbili, kwa hiyo ni kama 5,000 kwa laki kwa mwezi. Na sehemu ya hiyo riba inarudi kwetu wenyewe siku ya kugawana. Kariakoo: sifuri.

Jumlisha gharama tupu, sio mkopo wenyewe. Aplikesheni mbili 70,000 kila wiki mbili, mwezi 140,000. Kausha damu 90,000. Simu 30,000. Jumla 260,000 kwa mwezi. Faida yangu wakati ule, baada ya kutoa bei ya mzigo, nauli, vifungashio na bando, ilikuwa kama 380,000 mwezi ukiwa mzuri. Yaani nilikuwa namfanyia kazi mtu mwingine wiki tatu katika nne. Ndio maana unauza, statusi zinatazamwa, oda zinaingia, na bado huna hela ya sabuni.

USIUNGANISHE KILA KITU

Hapa watu wengi wanakosea. Mtu anasikia "unganisha madeni" anakwenda kutafuta mkopo wa kulipa yote sita. Mtu wa Kariakoo hanitozi riba. Nikikopa hela yenye riba kumlipa yeye, nimegeuza deni la bure kuwa deni la kulipia. Kikoba kimebakiza miezi miwili na jumla yake haibadiliki, nikilipa mapema sipati punguzo. Hayo mawili yalihitaji mazungumzo, hayakuhitaji mkopo.

Yanayoingia kwenye kuunganisha ni yale yanayokula: aplikesheni mbili, kausha damu, simu.

Na hata hapo, uliza kwanza. Kausha damu nilikuwa nimebakiza siku 16, sawa na 208,000. Kama angesema nikilipa leo nalipa 208,000 ileile, kumlipa mapema kusingenipa faida yoyote ya riba, kungenipumzisha tu na ile elfu 13 ya kila siku. Mara ya kwanza alikataa, akasema hela ni ileile. Nikarudi siku ya pili nikamwambia nina mtu ananikopesha, nikikulipa yote kwa mkupuo leo utanipunguzia ngapi? Akakubali 180,000. Elfu 28 nimeiokoa kwa kuuliza mara mbili. Wao hela ikirudi mapema wanaikopesha kwa mwingine, kwa hiyo una nguvu kuliko unavyodhani, ila uwe na hela taslimu siku hiyo, sio ahadi.

Kwa hiyo hitaji langu: 200,000 na 150,000 na 180,000 na 85,000. Jumla 615,000.

WAPI PA KUPATA HUO MKOPO MMOJA

Mimi niliokolewa na shangazi. Sio kwa kunipa hela, hapana. Nilipomaliza shule alinilazimisha nijiunge na SACCOS anayokopa yeye, nikawa naweka elfu kumi kumi ninapopata, kwa kununa. Nilikuwa na akiba 230,000. Pale kwao unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini wawili wanachama. Mara tatu ni 690,000. Nikaomba 650,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miezi sita.

Angalia sasa kitu cha kwanza. Hela unayoomba sio hela inayoingia mkononi. Walikata ada na bima ya mkopo, jumla 19,500, nikapokea 630,500. Ningeomba 615,000 kamili ningepungukiwa, na unajua mtu aliyepungukiwa elfu ishirini anakimbilia wapi: kwenye simu. Uliza makato kabla ya kujaza kiasi kwenye fomu.

Rejesho likawa kama 114,100 kwa mwezi. Riba yote kwa miezi sita ni kama 34,600. Ongeza ile 19,500, gharama nzima ya mkopo ni kama 54,100. Kwa miezi sita. Zamani nilikuwa natoa 260,000 kwa mwezi mmoja.

Huna SACCOS? Kuna benki na kampuni za mikopo zenye leseni. Usidharau benki kwa kuona ni za wakubwa. Kama mauzo yako yanapita kwenye Lipa Namba au akaunti, ile taarifa ya miamala ya miezi sita ndiyo inakusemea. Kuna pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba kabisa, unaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yako. Ila ile ni ya kuendeshea mradi, usiende pale na wazo la kulipia kausha damu. Itunze kwa ajili ya mtaji ukishatulia.

Kujua anayekukopesha ni halali: kampuni za mikopo zisizopokea amana zinapata leseni Benki Kuu, SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vikoba vinasajiliwa kupitia halmashauri. Haya yote yametokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwa zile kampuni za Benki Kuu kuna ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudi kwenye aplikesheni yangu: 160,000 kwa asilimia 3.5 ni 5,600 kwa mwezi mzima. Mimi nililipa 40,000 kwa wiki mbili na wakaiita "ada ya huduma". Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Kabla hujapakua yoyote, angalia kwanza kama mwenye nayo ana leseni.

MASWALI MATATU MEZANI KWA AFISA MIKOPO

La kwanza, hii riba ni ya kwenye salio linalopungua au ni ya moja kwa moja, ile wanayoita flati? Usiangalie namba peke yake. Chukua 650,000 kwa miezi sita. Mmoja anakwambia asilimia 3 flati, mwingine asilimia 4 inayopungua. Moyo unakimbilia 3. Piga: asilimia 3 ya 650,000 ni 19,500, mara miezi sita ni 117,000, kwa sababu flati inakutoza kana kwamba bado una hela yote hadi mwezi wa mwisho. Ile 4 inayopungua riba yake yote inakuja kama 94,000. Nne ni ndogo kuliko tatu! Ndio wanapotupata sisi tusiopenda hesabu.

La pili, nikimaliza mapema nini kinatokea? Wengine wanakupunguzia riba ya miezi iliyobaki, wengine hawapunguzi, wengine wana faini kabisa. Jibu liwe kwenye mkataba, sio mdomoni.

La tatu, rejesho nikilichelewesha siku tatu mnanitoza nini?

Kuhusu muda. Afisa akiona unasitasita atakwambia, "Tukupe miezi 24 upumue." Kwa mkopo uleule wa 650,000, riba ileile ya 1.5, miezi 24 rejesho ni kama 32,450. Tamu kweli. Lakini riba yote inafika kama 128,800 badala ya 34,600, na kwa miaka miwili huwezi kukopa pale kwa ajili ya mzigo wa sikukuu. Chagua muda mfupi kabisa ambao faida yako inaubeba. Nimesema faida, sio mauzo. Mauzo ni hela ya mwenye mzigo, ya boda, ya mteja, na kidogo yako.

Mimi nilipiga hivi: faida 380,000. Toa 114,100 ya SACCOS, toa 110,000 ya kikoba miezi miwili, toa 70,000 ya Kariakoo. Nabaki na kama 86,000. Nilikuwa nakaa nyumbani kwa mama, nakula nyumbani, ndio nikaweza. Kama unapanga na una mtoto, usijilazimishe miezi sita kwa sababu mimi nimeweza, chukua minane au kumi. Rejesho likikushinda mwezi wa pili utarudi kwenye aplikesheni, halafu una mkopo mkubwa NA midogo. Hapo ni pabaya kuliko ulipoanzia.

Halafu wadhamini. Mmoja alikuwa shangazi, mwingine rafiki yake ambaye ananijua kwa sura tu. Mimi nikishindwa, wanakatwa kwenye akiba zao. Niliwaonyesha daftari langu lote kabla hawajasaini, pamoja na kausha damu. Shangazi alinisema nusu saa, nikatulia. Usimsainishe mtu kwa stori ya "nataka kuongeza mtaji" wakati unaenda kulipa madeni. Akijua baadaye umempoteza yeye na umepoteza mahali pa kukopa.

SIKU HELA INAPOINGIA

Hii siku ni ya hatari. Una laki sita kwenye simu, na grupu la jumla limeposti mzigo mpya wa viatu bei ya kutupa. Mimi nilimwomba shangazi akae na mimi. Tulilipa yote manne kabla ya saa saba mchana. Kama ningelala na ile hela siku moja, sijui.

Anza na simu kwa sababu hela ukiiweka tu wanajikata wenyewe, halafu piga huduma kwa wateja waitoe kabisa hiyo nyongeza ya salio kwenye namba yako. Aplikesheni, lipa kwa namba iliyoandikwa ndani ya mkataba wako, sio namba ya mtu anayekupigia akisema ni afisa. Piga picha ya skrini ya muamala na ya salio likiwa sifuri. Na kufuta aplikesheni kwenye simu sio kulipa deni wala sio kujitoa, wengine wanafikiri hivyo. Lipa, hakiki sifuri, ondoa ruhusa ya kuona majina yako ya simu, halafu ndio ufute.

Hiyo ruhusa ya majina tuielewe vizuri. Mtu wa kawaida wakimtumia meseji shemeji yake ni aibu. Mimi majina kwenye simu ni wateja. Siku moja nilipochelewa walitumia meseji watu wangu, akiwemo mteja wa Mwanza anayechukua pea kumi kumi, wakamwambia nimemweka kama mdhamini na nimekimbia na hela. Hajanunua kwangu tena. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, na malalamiko unaweza kupeleka huko, kwa hiyo tunza hizo meseji usizifute kwa hasira.

Kausha damu, dai karatasi. Mimi nilimwandikia mwenyewe kwenye daftari: leo tarehe fulani nimepokea 180,000, simdai tena, akasaini, na kadi yangu ya mpiga kura aliyokuwa ameishika akanirudishia palepale. Usiondoke bila kitu chako.

Mkopo wa aina yoyote ulio rasmi, omba barua ya kumaliza. Taarifa zetu za mikopo zinapelekwa kwenye taasisi za kuchakata taarifa, Creditinfo Tanzania ni mojawapo, na benki wanaangalia huko kabla ya kukupa. Deni la 30,000 ulilolisahau kwenye laini ya zamani linaweza kukukwamisha siku unaomba milioni tano.

Kariakoo nilienda mwenyewe, sikupiga simu. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, nimekuja na 70,000 na nitaleta 70,000 kila tarehe tano hadi iishe, na mzigo kwa sasa nachukua kwa taslimu tu." Hakutabasamu, lakini siku ileile alinipa magauni manne kwa hela niliyokuwa nayo. Miezi sita, 420,000 ikaisha. Mtu wa jumla anataka tarehe, sio maelezo ya matatizo ya nyumbani.

MWEZI WA PILI NDIO MTIHANI

Ukishalipa, simu inatulia. Halafu zinaanza meseji: "Hongera! Sasa umefuzu kukopa hadi 400,000." Wanaokulilia ukichelewa ndio hao hao wanakupongeza ukimaliza. Na SACCOS au benki nao wakiona umelipa vizuri miezi mitatu wanakwambia jazia, chukua mwingine juu. Kabla ya kukubali uliza ile ada ya mwanzo wanaikata kwenye hela mpya tu au kwenye mkopo wote upya. Mara nyingi ni wote.

Mambo yaliyonisaidia mimi ni machache, na la kwanza ni laini mbili. Hela ya mteja aliyelipa kabla ya kupata mzigo inaingia kwenye Lipa Namba na haitoki mpaka iwe imekwenda kununua mzigo wake au nimeshamtumia risiti ya basi. Mpaka hapo sio yangu. Ningekuwa na hii sheria mwanzo, yule dada wa Dodoma angevaa gauni lake. Nikiwa nimepungukiwa nauli naazima kwa mama, siigusi.

Nilijilipa mshahara pia. 20,000 kila Jumamosi, ikiisha imeisha. Kabla ya hapo nilikuwa nachota tu, elfu mbili ya chipsi, elfu tano ya vocha, na mwisho wa mwezi nakopa "mtaji" ambao kumbe ulikuwa chipsi.

Oda za gharama kubwa sichukui kwa mkopo tena, nachukua nusu ya hela kwa mteja. Akikataa kutoa nusu, mara nyingi huyo alikuwa anaulizia bei tu.

Na kama nitakopa kwa ajili ya mzigo, naangalia mzigo unakaa siku ngapi. Magauni yangu yanatoka ndani ya wiki tatu hivi, isipokuwa Januari ambapo watu wote wanalipa ada za shule na hata ukiposti dhahabu hainunuliwi. Mkopo wa kurudisha kila siku kuanzia kesho, kwa mzigo utakaouzika baada ya wiki tatu, haulipwi na huo mzigo. Unalipwa na kitu kingine, yaani mkopo mwingine. Ndivyo nilivyofika sita.

Mdau mmoja aliniuliza inboksi kuhusu kadi ya mkopo ya benki, analipia nayo matangazo na oda za China. Hesabu ni ileile, dada yangu. Angalia taarifa yako ya mwezi: kile "kiwango cha chini cha kulipa" sio ushauri, ni kiasi kidogo kabisa cha kukufanya usionekane umechelewa, na kilichobaki kinaendelea kula riba. Kama huwezi kulipa yote tarehe ikifika, omba benki hiyohiyo waligeuze deni liwe mkopo wa kawaida wenye mwisho, na kadi uipunguze ukomo au uifunge kabisa. Ukiiacha wazi utaijaza tena, na utakuwa na viwili.

Mwezi wa saba SACCOS walikuwa hawanidai. Ile 114,100 nilikuwa nimeshazoea kutokuwa nayo, kwa hiyo tarehe ileile nikaendelea kuipeleka palepale, sasa hivi ikiingia kama akiba. Mzigo wa Eid iliyofuata nilinunua kwa hela hiyo, taslimu, na kwa mara ya kwanza yule kaka wa Kariakoo ndiye aliyenipigia kuniambia njoo kuna vitu vipya.